Siku Amu Ilipokuja Kuizika Maktaba

Kabla hujaweka kitabu karibu na ukuta wa Amu, Lamu yetu hii, weka mgongo wa mkono wako kwanza. Si kiganja, vijana wangu. Kiganja cha mtu aliyefanya kazi kimekuwa kigumu, hakisikii kitu. Mgongo wa mkono. Ukihisi ubaridi unaokunyonya kidogo kama ulimi wa mbuzi, ondoka hapo na kitabu chako. Ukuta huo unakunywa maji ya chumvi kutoka chini, na siku moja utayatapika ndani ya kurasa.

Nawaambia haya nyinyi mnaoishika kazi ya maktaba leo, wenye rafu za chuma na feni, kwa sababu mwenzenu nilijifunza kwa kuona ensaiklopidia ikivimba.

Mkuu wangu wa kwanza, na mwalimu wangu wa kazi, aliitwa Bwana Mutiso. Mkamba, Mkristo mnyoofu, mtu wa bara ambaye alivaa soksi Amu mwaka mzima. Alifika wakati wa kiangazi, kuta zikiwa kavu kama mkate wa juzi. Akaingia katika ile nyumba ya mawe tuliyopewa iwe maktaba, akaona zidaka. Zidaka ni vile vishimo vya chokaa vilivyochongwa ukutani safu kwa safu, ambamo bibi zetu waliweka sahani za kichina na visahani vya mapambo. Bwana Mutiso akashika kiuno, akasema, "Athumani, hawa watu walijenga maktaba bila wenyewe kujua!" Akachukua ensaiklopidia mpya, nzito, zenye maandishi ya dhahabu mgongoni, akaziweka moja moja, kila kidaka na kitabu chake. Wallahi zilipendeza. Watu walikuja kutoka Matondoni kuangalia tu.

Ikaja masika. Vitabu vikavimba mle ndani kama maandazi, vikakataa kutoka. Tulivitoa kwa kisu cha mkate na dua, na kimoja kilitoka na kipande cha ukuta. Bwana Mutiso alikitazama kile kipande, akavua miwani, akasema taratibu, "Basi ukuta huu sasa una elimu kuliko sisi."

Tangu siku hiyo rafu zetu zilisimama shibiri moja mbali na ukuta, upepo upite nyuma. Na kitabu kikilowa hatukukianika juani, kwa maana jua hukikunja kama papari ikaangwayo. Unatia karatasi ya gazeti kuukuu kila baada ya kurasa chache, unakisimamisha kivulini, unakisahau. Kusahau ni sehemu ya dawa. Mwenye haraka huchana.

Nyumba yenyewe nawaeleza, maana wengi wenu mmeizoea maktaba yenye umbo la sanduku. Nyumba zetu za kale upana wake huamuliwa na boriti za mkoko. Boriti haiendi mbali kabla ya kulegea, basi chumba kikawa chembamba na kirefu. Kirefu namna gani? Nikimwita msomaji kutoka mwisho huu, alikuwa akinijibu kesho yake. Toeni nusu mkipenda. Mbele palikuwa na daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye vibaraza vya mawe pande mbili. Katikati palikuwa na uwanja wa ndani usio na paa, na birika la maji lililojengwa kwa mawe, lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Juu kabisa palikuwa na wikio, chumba kilichopita hewani juu ya kichochoro na kuunga nyumba yetu na nyumba ya jirani. Mtu aliweza kutoka nyumba hii hadi ile asikanyage njia.

Jirani huyo alikuwa Bi. Zena, mjane, mwenye nyumba zote mbili. Sisi tulipewa chini, yeye akabakia na juu. Shikeni jambo hilo.

Mimi niliingiaje? Mchana nilikuwa nikibeba chokaa kwa mafundi wa nyumba, jioni nikaenda shule ya watu wazima. Bendera ya uhuru ilikuwa mpya, kila mtu alitaka kusoma. Darasa letu lilikuwa na mzee mmoja aliyejifunza kuandika jina lake akafurahi hata akaliandika mlangoni kwa jirani. Mimi nilipopata cheti nilitembea nacho mfukoni mpaka kikawa laini kama leso. Bwana Mutiso alipotafuta msaidizi, alinipa kitabu nisome kwa sauti. Nilisoma kwa sauti iliyosikika Manda, kisiwa cha ng'ambo. Akaziba masikio, akasema, "Kazi umepata. Sasa jifunze kunyamaza."

Hapo ndipo penye ugomvi wote. Bwana Mutiso alifundishwa kwamba maktaba ni mahali pa kimya. Akaandika ubao mkubwa, KIMYA, akautundika juu ya mlango. Lakini Amu hatusomi kimya. Kusoma kwetu ni sauti, tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani hadi utenzi wa harusini. Mtu akitazama karatasi bila kutikisa midomo, mama yake humuuliza kama ana homa.

Msumbufu mkubwa alikuwa Bwana Kombo, fundi seremala mstaafu, ambaye kila alasiri alikaa dakani na gazeti akawasomea wapita njia. Sauti yake ilikuwa ya kupigia adhana bila kipaza sauti. Habari ya bei ya nazi akiisoma yeye, watu walilia.

"Bwana Kombo," Bwana Mutiso alimwambia, "tafadhali soma moyoni."

"Bwana Mutiso, moyoni hakuna taa. Nitaonaje?"

"Basi soma polepole."

"Polepole ndiyo hii. Hujanisikia nikisoma mbio."

Na juu kulikuwa na sauti nyingine. Bi. Zena alikuwa na kikapu cha ukindu na kamba. Kila alasiri dirisha la juu, lile lililotazama uwanja wetu wa ndani, lilifunguliwa, kikapu kikashuka na kitabu cha jana, na mimi nikatia cha leo. Vitabu vilirudi vikinuka udi na asumini, hata nikawa najua kwa pua kipi kimekwenda juu. Bi. Zena aliwasomea wanawake wenzake waliokuja kupitia wikio, bila hata mmoja wao kupita mbele za wanaume wa dakani. Bwana Mutiso alijua kwamba vitabu vinapanda. Lakini alidhani ni mama mwenye nyumba anajifurahisha peke yake, na katika taarifa zake kwa wakubwa, msomaji alikuwa mtu aliyekaa mezani, kimya. Mezani, kimya, hakukaa mtu. Labda mimi, na mimi nilikuwa nasinzia.

Basi siku moja Bwana Mutiso akaniita, uso umemshuka.

"Athumani, anakuja Mkaguzi. Wakubwa wanasema maktaba yetu haina wasomaji. Akiona hivyo hivyo, vitabu vinafungwa kwenye masanduku, vinapelekwa mji mwingine."

"Na sisi?"

"Mimi nitahamishwa. Wewe utarudi kwenye chokaa."

Chokaa ilinijia puani pale pale. Lakini, niaminini, nilichofikiria kwanza ni kile kikapu. Niliwaza kikishuka kitupu, kinapanda kitupu.

Tukaazimia kumwonyesha Mkaguzi maktaba kama alivyofundishwa. Tulipiga chokaa mlango. Nilikwenda msikitini nikaazima mikeka mizuri, nikaitandika daka zima na uwanja wa ndani. Mlango nikaufungua mbawa zote mbili. Muuza kahawa nilimsihi asigonge vikombe vyake karibu yetu siku hiyo. Wasomaji wetu niliwaomba waje na kanzu safi, na wakae kimya, kimya kabisa. Bwana Kombo ndiye aliyekuwa mzigo.

"Bwana Kombo, siku moja tu. Neno lisikutoke."

"Hata nikisalimiwa?"

"Hata ukisalimiwa."

"Ah! Athumani, wanitukuliya ulimi wangu." Alisema hivyo kwa Kiamu chake, kwa huzuni, kama mtu anayechukuliwa mali. "Haya. Kwa ayili ya maktaba."

Bi. Zena nilimwomba kupitia dirishani kwamba siku hiyo juu wasome moyoni. Akanijibu, "Mwanangu, moyo wangu una kazi nyingine," akafunga dirisha.

Siku ikafika. Bwana Mutiso akaenda gatini kumpokea mgeni, nikabakia mimi. Nilisimama mlangoni nikajisifu. Mikeka imenyooka. Mlango wazi. Wanaume wachache wenye kanzu nyeupe wamekaa dakani wameinamisha vichwa. Bwana Kombo ameweka kidevu mkononi, midomo ameibana, macho mekundu kwa uchungu wa kunyamaza.

Nyinyi mliozaliwa hapa mmekwisha kuona nilichokifanya. Mimi niliyezaliwa hapa sikukiona.

Akapita Bwana mmoja na kapu la samaki. Akaona mlango wazi, mikeka ya msikiti, kanzu, kimya. Akaona Bwana Kombo hasemi! Amu nzima ilijua kwamba kinachoweza kukata sauti ya Kombo ni kifo tu. Akamuuliza kwa hofu, "Bwana Kombo, kuna nini?" Bwana Kombo, mtu wa ahadi, hakufungua mdomo. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole juu kuonyesha ubao wa KIMYA. Yule Bwana akaangalia mbinguni kinakoelekea kidole, akasema, "Inna lillahi," akatua kapu, akavua viatu, akaketi.

Baada ya hapo sikuweza kuzuia. Mji mwembamba huu, habari haina haja ya miguu. Wakaingia wazee, wakaingia wavuvi waliokuja na maji bado nguoni, akaingia muuza kahawa mwenyewe, vikombe amevifunga kitambaa visilie. Kila aingiaye ananipa mkono na kuninong'oneza, "Makiwa." Ndivyo tunavyomwambia aliyefiwa, naye hujibu, "Yamepita." Mimi nikajibu, "Karibu," nikifikiri watu wa Amu leo wamekuwa na adabu gani! Mpaka mzee mmoja akanishika bega: "N'nani mefa? Ni mkuu wako, yule wa soksi? Mtu mwema, masikini."

Nikafungua mdomo niwaambie hajafa mtu, na papo hapo, kule kwenye kona ya kichochoro, nikamwona marehemu mwenyewe na soksi zake anakuja na Mkaguzi, na nyuma yao wapagazi wamebeba masanduku matupu.

Na kwetu, kama mnavyojua, msibani mtu hakai bure. Msahafu hugawanywa juzuu, kila mmoja akashika lake akasoma. Wale wanaume wote walikuwa wameketi mikono wazi, wananingojea. Sikuwa na juzuu. Nilikuwa na maktaba. Nikakimbilia rafuni nikakumbatia nilichokifikia, nikagawa. Na vitabu tulivyoletewa miaka ile vilitoka bara kwa watu wa bara: ng'ombe wa maziwa, viazi vya milimani, kilimo cha pareto. Kila mtu alifungua, akaona maneno ya ajabu, akanitazama. Lakini nani atauliza swali nyumba yenye msiba? Haya ya Amu ikatuokoa. Wakaanza kusoma, kwanza kwa midomo, halafu kwa sauti ndogo, mpaka nyumba ikavuma kama mzinga.

Mkaguzi akasimama mlangoni. Mtu mnene, wa bara, jasho linamtiririka, hana ubaya usoni ila uchovu. Akatazama daka, akatazama uwanja, akamtazama Bwana Mutiso ambaye alikuwa amepigwa na bumbuazi kuliko yeye.

Akainama kwa Bwana Kombo. "Mzee, unasoma nini?"

Bwana Kombo akaniangalia. Nikamkubalia kwa kichwa.

"Pareto," akasema.

"Unalima pareto?"

"Siyui hata kama ni mti au ni mnyama. Lakini nimefika pazuri, Bwana, usinikatize."

Mkaguzi akaanza kutabasamu. Ningeweza kufa hapo nikiwa mtu wa furaha. Ndipo akaingia mchelewaji mmoja mbio, akapaza sauti, "Jeneza latoka saa ngapi?"

Mvumo ukakatika. Mkaguzi akageuka. "Jeneza gani?"

Sasa, Bwana Mutiso angeweza kubuni neno lolote. Alimtazama yule mchelewaji, akaitazama mikeka, akaelewa. Akavua miwani. "Bwana," akasema, "watu hawa hawakuja kusoma. Wamedhani hapa pana msiba. Siwezi kukudanganya." Nilitamani kumziba mdomo, lakini ndiye aliyenifundisha kazi.

Mkaguzi akashusha pumzi ndefu. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Akawapungia mkono wapagazi, wakaingia na masanduku, wakayaweka kando ya birika. Sanduku la kwanza likafunguliwa kifuniko.

Juu, dirisha likafunguka.

Kikapu kikaanza kushuka kwa kamba, kinazunguka polepole, kikapita mbele ya pua ya Mkaguzi, kikatua juu ya sanduku lake. Ndani mna kitabu. Harufu ya asumini ikajaa uwanja.

"Athumani!" Ilikuwa Bi. Zena. Yeye na wenzake walikuwa wamekuja kwa wikio kama kila siku, msiba hawakuusikia wala kuuona. "Wambie hao wanaume wapunguze sauti, hatusikizani huku! Na ututilie sehemu ya pili. Tumemaliza hii, na watu wamegombana."

Mkaguzi akakitoa kitabu kikapuni. Ilikuwa riwaya ya mwanamke ambaye mumewe anapotea safarini, anaolewa na mwingine, halafu yule wa kwanza anarudi. Akauliza akielekeza uso juu, "Bi, mmegombania nini?"

"Sisi twasema abaki na wa pili!" sauti ya kwanza.

"Twasema nani? Mimi sikusema!" sauti ya pili.

"Mumewe ni wa kwanza, hata akirudi bila meno!"

"Wa pili ndiye aliyemlisha!"

Sauti ya nne, ya tano. Dirisha moja dogo, na kwa masikio yangu mlikuwa na nusu ya wanawake wa Amu. Wanaume wakainua vichwa kutoka kwenye viazi na ng'ombe. Bwana Kombo akavimba, akavimba zaidi, na kilichobaki cha ahadi yake kikapasuka:

"Hilo si la kugombania! Hilo ni la kadhi!"

Visamaki vilizama birikani. Basi ikawa hapana wa kunyamaza. Mvuvi anamtetea mume wa kwanza, muuza kahawa anamtetea wa pili huku akigonga vikombe, wanawake wanajibu kutoka juu, kila mtu anataka sehemu ya pili isomwe sasa hivi mbele ya wote. Katikati ya zogo hilo Mkaguzi, amesahau masanduku yake, akapaza sauti naye:

"Mimi naona arudi kwa wa kwanza!"

"Huyo n'nani asiye na akili?" Bi. Zena akauliza.

"Ni Bwana Mkaguzi," nikajibu.

Hapo ndipo maktaba yetu ilipopata kimya, kile ambacho Bwana Mutiso alikitafuta tangu afike. Kimya cha kusikia samaki wakigeuka.

Mkaguzi akacheka. Alicheka akakaa juu ya sanduku, akacheka akafuta macho kwa leso. Kisha akaniuliza, "Hawa wa juu, huja mara ngapi?"

"Kila siku ya Mungu, Bwana."

"Na huyu mzee?"

"Huyu hatujaweza kumzuia."

Akamgeukia Bwana Mutiso. "Ndugu yangu, una wasomaji kuliko uwezo wako. Umewatafuta mezani tu." Akaunyanyulia macho ubao wa KIMYA. "Huu utoe. Na vitabu hivi vibaki hapa. Nitaona kama naweza kuwatafutia vingine, visivyo vya pareto."

"La, hiki nikimalize kwanza," alisema Bwana Kombo, amekikumbatia.

Vijana, sijui mtu aliyenusurika kuzama huhisi nini, lakini nilipumua pumzi ambayo nadhani ilikausha kuta mpaka mwaka uliofuata. Wapagazi hawakutaka kurudisha masanduku gatini, jua lilikuwa kali. Bi. Zena akasema yapandishwe. Tukayasimamisha kwenye wikio, moja juu ya jingine, midomo ikitazama ndani, yakawa rafu za wanawake. Nilipitisha mgongo wa mkono ukutani, nikayavuta shibiri moja mbali nao. Masanduku yaliyokuja kuchukua vitabu yakavilinda kwa miaka mingi. Mbao nzuri, mchwa walijaribu wakavunjika meno.

Mkaguzi alipokwisha kuondoka na watu kutawanyika, sisi wawili tukaanza kukunja mikeka. Tukasikia hatua kichochoroni. Alikuwa mzee kutoka Shela, habari imemfika imechelewa. Amekuja mwendo wote ule ufukweni kwa miguu, mchanga mpaka magotini, kofia mkononi. Akasimama dakani, akamtazama Bwana Mutiso kwa huruma.

"Makiwa," akasema.

Nikataka kujibu mimi. Bwana Mutiso akanizuia kwa mkono. Nilikuwa nimemweleza neno lile tulipokuwa tukikunja mikeka, na jibu lake vile vile. Akamshika mzee mkono, akamketisha juu ya mkeka wa mwisho.

"Yamepita, Bwana," akasema, kwa sauti kubwa kuliko zote nilizopata kumsikia. "Yamepita. Karibu usome."